UZI: Modeli za jengo zinakaa sawa kwenye kompyuta, zikipanda klaudi kila moja inakwenda kwake. Tuliokutana na hili tuje hapa

Gridi_A1 (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi, poleni na joto la Dar. Naleta huu uzi kwa sababu nimepoteza karibu wiki tatu kwenye hili tatizo na nina uhakika kuna ofisi nyingi hapa mjini zinahangaika nalo kimyakimya.

Mradi ni jengo la ghorofa 9 Mikocheni. Mimi nipo upande wa usanifu, stracha (nguzo, mihimili na zege) iko ofisi nyingine Posta, watu wa sevisi yaani mabomba, umeme na viyoyozi wapo Mwenge. Wote tunatumia Revit, programu ya kuchora majengo kwa modeli. Miezi miwili yote tulikuwa tunapeana mafaili kwa flashi, mimi naingiza ya stracha na ya sevisi kama linki ndani ya faili langu, naona nguzo zimekaa kwenye gridi, ukuta wa lifti uko kwenye lifti, nalala usingizi.

Mwenye jengo yuko nje ya nchi akataka awe anaona maendeleo mwenyewe kwenye brauza, na kontrakta naye akataka ripoti ya migongano (mfano bomba kupita ndani ya nguzo) kabla hajaanza kumwaga zege. Tukapandisha modeli zote tatu kwenye klaudi. Kufungua pamoja, skrini nyeupe yenye vidoti viwili. Naanza kuzumu kwenye kidoti kimoja nakuta jengo langu, pembeni yake kama mita 43 kuna stracha imesimama peke yake tena imegeuka, na kidoti cha pili ambacho kiko mbali sana ndo sevisi. Mbali namaanisha maelfu ya kilomita, napima naambiwa namba ambayo ukiitoa hapa Dar unavuka bara zima.

Nikarudi kwenye kompyuta nikafungua faili langu, linki zote ziko sawa kabisa! Hapo ndo nikachanganyikiwa. Nikafuta nikapandisha tena, vilevile. Nikamuomba injinia wa stracha asogeze modeli yake ije ilipo yangu, akachagua kila kitu akasogeza na kuzungusha, matokeo yake sekisheni zikabaki kule kule zilikokuwa, baadhi ya vipimo vikafutika, na alikuwa na shiti zaidi ya 30 ameshazipanga. Akatumia wikiendi nzima kurekebisha. Ile kazi nilimpa mimi na ilikuwa haina ulazima, nimemuomba radhi.

Sasa nilichokuja kuelewa ni hiki. Kwenye kompyuta nilipoingiza faili la stracha mara ya kwanza nililiingiza katikati kwa katikati, halikukaa sawa, nikalisogeza kwa mkono mpaka gridi A na 1 ikakutana na yangu, nikalipigilia pini. Huo msogeo uliandikwa NDANI YA FAILI LANGU. Faili la stracha lenyewe halikujua chochote, kwake yeye bado yuko palepale alipozaliwa. Kwenye klaudi kile chombo cha kuunganisha modeli hakipiti kwangu kuuliza stracha nilimuweka wapi, kinachukua faili lake moja kwa moja na kuliuliza "wewe uko wapi?", na kila faili linajibu kwa koodineti zake lenyewe, yaani namba za mahali lilipo. La stracha likajibu sifuri sifuri, langu likajibu sifuri sifuri ya kwangu ambayo siyo ya kwake, na la sevisi likajibu namba za ajabu ambazo nitazielezea.

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inatukumbukia kwa niaba yetu, klaudi inataka kila faili lijue lenyewe lilipo. Naomba wenye uzoefu mchangie, hasa wapimaji na watu wa programu, nitakuja na apudeti ya tulichofanya.

stracha_mjini

Mkuu hii imenikuta mwaka jana kwenye ghala Vingunguti. Swali, ile stracha kugeuka ilitokana na nini? Maana kuhama mita 43 naelewa ila kuzunguka?

Gridi_A1

Mkuu kiwanja chetu kimekaa mshazari, barabara haifuati kaskazini. Mimi nilichora jengo likiwa limenyooka na karatasi, kaskazini halisi ambayo iko nyuzi 31 pembeni sikuiambia programu. Injinia yeye alianza kwa kufuatisha mchoro wa DWG (faili la AutoCAD) wa kiwanja ambao umelala kama ulivyo duniani. Kwa hiyo jengo lake limegeuka nyuzi 31 toka kwenye la kwangu. Kwenye kompyuta nililizungusha kwa mkono pia, na wala sikukumbuka kama niliwahi kufanya hivyo mpaka nilipoanza kuchunguza.

GobaFundi

Wakuu mbona mnajipa kazi. Mimi nyumba zangu za Goba na Madale nachora kuanzia sifuri, injinia namtumia faili langu anaanzia humohumo, tunapandisha klaudi zinakaa pamoja bila shida. Koodineti za nini? Fundi akifika saiti anavuta kamba kutoka kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja.

Gridi_A1

GobaFundi uko sahihi kwa mazingira yako na wala sikubishii. Kama wote mmeanzia kwenye faili moja basi ile orijini ya ndani ya Revit, yaani pointi yake ya sifuri, ni moja kwenu nyote, mkiunganisha kwa orijini kwa orijini inakaa sawa kwenye kompyuta na kwenye klaudi. Hiyo orijini ya ndani haisogei hata ufanyeje, ndo maana ni ya kuaminika. Tatizo linaanza pale ofisi moja inapoanza na templeti yake, au pale mnapokuwa na majengo mawili kwenye kiwanja kimoja, au mpima anapotaka kuchukua nguzo kutoka kwenye modeli aende kuzipiga saiti kwa mashine. Hapo sifuri yako haimsaidii.

MzeeWaBikoni

Nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mpima, nina miaka mingi kwenye hii kazi, naomba niwaambie wasanifu jambo moja ambalo hamlipendi: zile namba tunazowapa kwenye mchoro siyo pambo.

Dar es Salaam iko kwenye UTM zoni 37 kusini, UTM ikiwa ni gridi ya kulaza dunia kwenye karatasi kwa mita. Ukiwa Mikocheni au Posta namba ya mashariki itaanza na laki tano na thelathini hivi, na ya kaskazini itakuwa milioni tisa na laki mbili na arobaini na kitu mpaka hamsini na kitu elfu, kwa mita. Ni kubwa hivyo kwa sababu huku kusini mwa ikweta tunahesabu kutoka milioni kumi kushuka. Kwa hiyo mtu yeyote akikuletea faili ambalo mashariki inasoma milioni tisa, jua moja kwa moja amebadilisha nafasi za namba. Mleta uzi nahisi huyo wa sevisi ndo kilichompata.

Pili, mfumo gani wa koodineti? Mipango mingi ya zamani ya viwanja iko kwenye Arc 1960, ambayo inatumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS na ramani za kwenye simu zinatumia WGS 84. Halafu kuna TAREF11 ambayo ndo fremu mpya ya taifa. Kati ya Arc 1960 na WGS 84 hapa kwetu uhamisho ni kama mita 300, sehemu kubwa ukiwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 Mikocheni ni mtaa mwingine kabisa. Nimeshaona kijana amechukua namba za bikoni kwenye dido plani (ramani ya hati ya kiwanja) ya zamani, amechukua na namba ya geti kwa simu, ameziweka faili moja, anashangaa geti limeenda kwa jirani.

Kwa hiyo kabla hujaandika namba yoyote kwenye programu muulize mpima wako: mfumo gani, zoni gani, na urefu wa kutoka wapi. Ukipata namba za EPSG, yaani namba za utambulisho wa mifumo ya koodineti, ni bora zaidi, 21037 ni Arc 1960 UTM 37 kusini, 32737 ni WGS 84 UTM 37 kusini. Andika kwenye faili, siyo kichwani.

Gridi_A1

Mzee wangu umepiga palepale. Injinia wa sevisi alipewa listi ya bikoni yenye safu ya E (mashariki) kwanza halafu N (kaskazini), yeye akajaza kwa mfuatano ule ule wakati dirisha lilikuwa linamuuliza kwa mpangilio mwingine. Kaskazini ikawa mashariki. Modeli yake kwa kompyuta yake ilikuwa inaonekana safi kabisa maana hiyo namba haigeuzi chochote unachokiona kwenye plani, ni namba tu imekaa pale chini. Klaudi ndo ikaisoma na kuitii.

binti_msanifu

Shikamoo Mzee wa Bikoni. Samahani mimi ndo naanza kazi, naomba kuuliza hizi pointi za Revit maana zinanichanganya, kuna Project Base Point, kuna Survey Point, na hiyo orijini ya ndani. Ipi ni ipi? Na nikisogeza ipi ndo naharibu?

MzeeWaBikoni

Marahaba binti yangu. Mambo ya ndani ya programu nawaachia wenyewe, ila ile ya Survey ndo inayozungumza na mimi.

stracha_mjini

Dada ngoja nijaribu kwa lugha ya saiti.

Orijini ya ndani ni kama msumari uliopigiliwa kiwandani, haung'oki, na modeli yako yote inabidi iwe karibu nayo. Revit inataka usizidi kilomita 16 kutoka hapo, ukizidi michoro inaanza kutetemeka, mistari haikutani, hatchi zinachakaa. Ndo maana HUWEZI kwenda kuchora jengo lako huko kwenye milioni tisa, lazima uchore karibu na msumari halafu uiambie programu "hapa ninaposimama duniani panaitwa namba fulani".

Project Base Point ni ya ofisi yenu, wengi tunaiweka kwenye kona ya gridi A na 1 ili vipimo vya jengo visomeke kutoka hapo. Survey Point ndo inaunganisha na dunia ya mpima. Koodineti za pamoja (shared coordinates, zile ambazo mafaili yote ya mradi yanakubaliana) zinahesabiwa kutoka huko.

Kinachoharibu ni kukamata alama ya pointi kwa mausi na kuivuta ukidhani unasogeza alama tu. Kuna ile klipu ya karatasi pembeni ya Survey Point, ikiwa imefungwa ukivuta unahamisha mfumo mzima wa koodineti, ikiwa imefunguliwa unahamisha alama peke yake na mfumo unabaki. Mimi sheria yangu ofisini, pointi zote zinapigwa pini siku ya kwanza na zinafichwa kwenye viyu zote isipokuwa moja.

kodi_na_zege

Wakuu naomba niongezee upande wa klaudi maana mimi kazi yangu ni kutengeneza kurasa za kuonyesha hizi modeli kwenye brauza kwa kutumia Viewer ya Autodesk Platform Services, ile iliyokuwa inaitwa Forge.

Brauza inachora kwa kadi ya picha, na kadi ya picha kwa kawaida inatumia namba za biti 32. Hizo zina uwezo wa tarakimu kama 7 hivi za uhakika, baada ya hapo zinakadiria. Sasa chukua ile milioni tisa na laki mbili ya Mzee wa Bikoni. Kwenye ukubwa huo hatua ndogo kabisa ambayo namba ya biti 32 inaweza kupiga ni mita 1 nzima. Yaani nguzo yako inaweza kukaa kwenye 9,248,000 au 9,248,001, katikati hapo hakuna kitu. Fikiria dirisha lenye fremu ya sentimita 5 litaonekanaje, linakuwa uji.

Ndo maana Viewer ikifungua modeli inatafuta katikati yake, inatoa hiyo namba kwa kila kitu, na kulileta jengo zima karibu na sifuri. Hiyo namba iliyotolewa inaitwa globalOffset. Inafanya picha iwe safi. Lakini ukifungua modeli ya pili na kuiacha nayo itafute katikati yake, inatoa namba tofauti, basi zote mbili zinaletwa sifuri kila moja kwa njia yake na zinapandiana vibaya hata kama mafaili yenyewe yalikuwa sahihi. Dawa yake ni moja, unafungua ya kwanza, unachukua globalOffset yake, unaipa ya pili na ya tatu. Na kuna kipengele cha applyRefPoint ambacho ukikiwasha ndo Viewer inatumia zile koodineti za pamoja za Revit, usipokiwasha inabaki na orijini ya ndani. Nilikaa siku nne kwa mteja mmoja wa Masaki kwa sababu ya hizi laini mbili tu za kodi, modeli moja nimewasha, nyingine sijawasha.

Kwa hiyo ukiona modeli zimepishana klaudi usikimbilie kulaumu faili. Uliza kwanza hiki chombo kinasoma orijini ya ndani au koodineti za pamoja? Hilo swali ndo funguo. Navisworks mfano, programu ya kuunganisha modeli na kutafuta migongano, kwenye mipangilio ya kutoa NWC (faili lake) toka Revit kuna sehemu ya kuchagua kati ya koodineti za pamoja na za ndani za mradi, na mtu mmoja akitoa kwa hii na mwingine kwa ile, haziwezi kukutana hata siku moja.

stracha_mjini

Hapo kwa NWC umeongea mkuu. Sisi tuliwahi kupokea NWC za sevisi wiki ya kwanza zikakaa sawa, wiki ya pili zikaruka. Kumbe alikuwa amebadilisha kompyuta, na hiyo mipangilio inakaa kwenye kompyuta ya mtu siyo kwenye faili.

binti_msanifu

Asanteni sana kaka zangu. Na kama mwenzangu anatumia Archicad (programu nyingine ya kuchora majengo) ananitumia IFC (faili linalosomwa na programu tofauti) inakuwaje? Maana nikiifungua klaudi inakaa sawa wakati mwingine na wakati mwingine haikai.

kodi_na_zege

Dada uliza kwanza ni IFC ipi. Kwenye IFC4 kuna sehemu maalum inaitwa IfcMapConversion inayobeba mashariki, kaskazini, urefu na mzunguko, pamoja na IfcProjectedCRS inayotaja mfumo wenyewe. IFC2x3 ambayo bado watu wengi wanaitumia haina hivyo vitu, kwa hiyo watu wanaishia kuandika nafasi kwenye IfcSite au wanachomeka kwa njia zao, na kila programu inasoma inavyojua. Na wewe ukitoa IFC kutoka Revit kuna sehemu ya kuchagua msingi wa koodineti, koodineti za pamoja, Survey Point, Project Base Point au orijini ya ndani. Kubalianeni moja, muiandike kwenye ile barua pepe ya kwanza kabisa ya mradi.

Gridi_A1

APUDETI. Nakuja na tulichofanya, naomba mnisamehe kwa urefu.

Jumanne tulikaa wote watatu pamoja na mpima wetu, ofisi ya stracha, tukaleta kompyuta zetu. Kitu cha kwanza tulitengeneza faili jipya dogo kabisa, faili la kiwanja. Halina jengo. Ndani yake kuna DWG ya mpima, bikoni nne, na gridi mbili tu, A na 1. Ile DWG tuliiingiza katikati kwa katikati ili isiende kukaa huko milioni tisa ikatusumbua na zile kilomita 16, halafu tukatumia amri ya Revit ya Acquire Coordinates tukaigusa, faili likajifunza namba za dunia kutoka kwenye DWG huku mchoro wenyewe umebaki karibu na orijini. Tukaweka kipimo cha koodineti kwenye bikoni mbili tukalinganisha na karatasi ya mpima, zikasoma sawa mpaka milimita. Hapo ndo tukaendelea, kabla ya hapo tulikataa kwenda hatua ya pili.

Halafu kila mmoja akaingiza faili la kiwanja ndani ya modeli yake kama linki. Na hapa ndo nataka msome polepole. Unasogeza LINKI, husogezi modeli yako. Unalileta lile faili la kiwanja, unalizungusha na kulisogeza mpaka gridi A na 1 yake ilale juu ya gridi A na 1 yako, na urefu wake ulingane, ndo unabonyeza Acquire Coordinates na kuligusa. Jengo lako halijatikisika hata nukta, shiti zako, sekisheni zako, vipimo vyako vyote viko palepale, lakini sasa faili lako linajua lilipo duniani. Kama ningejua hili mapema yule injinia asingepoteza wikiendi yake. Kwake ilichukua kama dakika kumi na tano, kahawa haijapoa.

Wa sevisi tulilazimika kwanza kumfutia zile namba alizozijaza kwa kugeuza, kisha akafuata njia hiyohiyo.

Jambo la urefu lilitusumbua kidogo. Mimi sakafu ya chini naiita sifuri, mpima anaiita mita 14 na ushee kutoka usawa wa bahari. Na kulikuwa na namba nyingine ya urefu kwenye meseji ya zamani ambayo ilikuwa hasi, tukabaki tunaangaliana, jengo liko chini ya bahari?

MzeeWaBikoni

Hiyo hasi ni urefu wa GPS haujasahihishwa. GPS inapima kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, siyo kutoka usawa wa bahari, na hapa pwani yetu hivyo viwili vinatofautiana kwa zaidi ya mita 20. Ukisimama ufukweni na mashine ya RTK (GPS ya wapimaji) bila kuweka masahihisho itakusomea hasi na uko juu ya mchanga mkavu. Tumia benchimaki, yaani alama ambayo urefu wake kutoka usawa wa bahari unajulikana, hiyo ya 14 ndo yenu.

Gridi_A1

Ndivyo mpima wetu alivyosema pia. Tukachukua ya benchimaki na kwa kuwa Acquire inaleta na urefu, wote tukapata sawa.

Tukaendelea. Kila mmoja akachora alama moja ndogo, koni ya sentimita 50, ncha yake ikiwa kwenye makutano ya A na 1 juu ya sakafu ya chini. Ya kwangu nyekundu, ya stracha bluu, ya sevisi njano. Hii mbinu naipenda kuliko zote maana haihitaji mtu kujua koodineti, hata mwenye jengo akifungua anaona kama koni ni moja au ni tatu. Tukapandisha. Tukafungua zote pamoja kwenye Model Coordination, chombo cha Autodesk cha kuunganisha modeli klaudi, ambacho kinasoma koodineti za pamoja za kila faili.

Koni mbili zikalala pamoja. Ya njano ikabaki kule kule maelfu ya kilomita.

Nilihisi kuchoka jamani.

stracha_mjini

Hajapublishi.

Gridi_A1

Mkuu ndo hivyohivyo! Alikuwa amesinki tu. Nimejifunza kwamba modeli ya klaudi unayoifanyia kazi ndani ya Revit na ile inayoonekana kwenye brauza ni vitu viwili, kusinki kunawafikia wenzako wanaofanya kazi ndani ya Revit, lakini huku kwenye brauza haiji mpaka upublishi. Sisi tulikuwa tunatazama toleo la juzi. Alipopublishi, na umeme ukakatika katikati tukahamia kwenye bando la simu, tukasubiri ikamaliza, koni tatu zikawa moja. Tulipiga makofi kabisa.

Tangu siku hiyo hakuna anayeingiza linki kwa njia nyingine zaidi ya By Shared Coordinates. Ikitokea mtu amesogeza kitu na Revit ikamletea lile dirisha la kumuuliza kama ahifadhi nafasi mpya ya linki, jibu ni hapana mpaka atupigie simu. Hilo dirisha watu wanalibonyezaga sawa bila kusoma, na ndo mlango wa kurudi kule tulikotoka.

GobaFundi

Nimekuelewa mkuu. Nina apatimenti mbili zinafanana zinakuja Tegeta kiwanja kimoja, modeli ni moja naiingiza mara mbili. Nayo inakubali hivi?

stracha_mjini

Inakubali. Faili moja linaweza kuhifadhi nafasi zaidi ya moja, kila moja na jina lake, unaita Bloku A, Bloku B. Ukiingiza linki ya kwanza unaipa nafasi ya A, ya pili unaipa B. Ila kwenye kuunganisha klaudi hakikisha mnajua ni nafasi ipi inasomwa, maana faili likiwa peke yake linasoma ile iliyowekwa kuwa ya sasa. Kwa mradi wako mimi ningepandisha faili la kiwanja lenye linki zote mbili ndani, ndo liwe la kutazama.

GobaFundi

Sawa, nitaanza na faili la kiwanja safari hii kabla sijachora ukuta. Asante.

Gridi_A1

Wakuu nina swali moja la mwisho kwa Mzee wa Bikoni. Jana tulikwenda saiti na tepu, tukapima kutoka bikoni ya kona mpaka bikoni ya pili, tukapata mita 62.00. Kwenye modeli, kompyuta na klaudi zote mbili, inasoma 61.976. Klaudi na kompyuta zimekubaliana, nashukuru, lakini hizo sentimita 2 na nusu zimeenda wapi? Tumekosea kwenye Acquire?

MzeeWaBikoni

Hamjakosea mwanangu. UTM inabana dunia kidogo ili iilaze kwenye karatasi, kwenye mstari wa katikati wa zoni yetu, digrii 39, kipimo cha kubana (skeli) ni 0.9996. Dar iko karibu kabisa na huo mstari, kwa hiyo kila mita 100 za ardhini zinasomeka pungufu kwa kama sentimita 4 kwenye gridi. Piga hesabu kwa mita 62 uone. Kwa kutazama klaudi na kutafuta migongano haina madhara, maana modeli zenu zote zimechorwa kwa vipimo halisi na zimeshikwa kwenye pointi moja. Ila siku ya kupiga nguzo usimpe mtu namba za gridi za kila nguzo akazitoe kwa mashine bila kuweka hicho kipimo, gridi ya jengo itabanwa. Mpe pointi moja na uelekeo, halafu vipimo vya jengo kama vilivyo. Mwambie mpima wako aweke skeli kwenye total station (mashine yake ya kupimia) kabla hajaanza.

Gridi_A1

Nimepiga, 62 mara 0.0004 ni 0.0248. Ndo yenyewe kabisa. Anakuja saiti Jumamosi saa moja asubuhi, namtumia hii posti yako leo usiku.